Mafundi waache kuziba taa ya injini kwa utepe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu tabia inayoenea kwa baadhi ya mafundi wa magari, nayo ni ya kuziba kwa utepe mweusi ile taa ya rangi ya chungwa iitwayo “cheki injini”, badala ya kutafuta kilichoiwasha.

Mimi si fundi. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kiwira, na sayansi yangu ni ile ya chuo cha ualimu. Lakini shemeji yangu ana gari dogo la kubebea ndizi, na mkasa uliompata ulinilazimu kujifunza, maana katika fedha iliyopotea na yangu ilikuwamo.

Katika gereji moja ambayo sitaitaja aliambiwa kwamba gari lake litapanda milima vizuri zaidi likiondolewa manifodi ya ekzosi iliyotoka nayo kiwandani na kufungwa mabomba mapya, yale ambayo vijana huyaita hedasi. Na masega nayo yakakatwa papo hapo, eti yanabana moshi. Gari likanguruma, shemeji akafurahi. Siku ya tatu taa ikawaka. Fundi akachomeka kompyuta, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Ikanunuliwa nyingine, taa ikarudi. Ikanunuliwa ya pili, ikarudi tena. Mwishoni fundi akafungua dashibodi, akabandika utepe, akasema gari limepona. Wakati huo petroli iliyokuwa ikimfikisha Mbeya na kumrudisha nyumbani ilikuwa inamwishia Isongole.

Sasa naomba wenye magari tuelewane juu ya kazi ya sensa hii. Petroli huungua vizuri pale ambapo kila kilo moja inapata hewa kilo 14.7 hivi. Sensa hukaa ndani ya ekzosi, ikipata joto la nyuzi 300 na zaidi huanza kupima oksijeni iliyobaki katika moshi, kisha hupeleka habari kwenye kompyuta ya injini. Ile ya aina ya kawaida hutoa umeme mdogo sana, karibu volti 0.1 oksijeni ikiwa nyingi, na karibu 0.9 ikiwa haba. Kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa kufuata habari hiyo. Si jambo jipya hata kidogo: Volvo waliyaweka haya katika magari yao tangu 1976, na Marekani ikayalazimisha magari yote madogo ya kuanzia 1996 yawe na namba za hitilafu za mfumo mmoja. Ndiyo maana leo kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusomea kwenye simu kinaweza kutuambia P0171 au P0420.

Namba hizo haziagizi kununua kitu. Zinasema kompyuta imeona nini, basi. P0171 maana yake hewa imeonekana nyingi kuliko petroli. Hedasi ikifungwa kwa gasketi mbovu, au flanji yake ikiwa imepinda, panabaki upenyo mdogo. Moshi hautoki mfululizo, hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo mabomba hayo huvuta hewa ya nje kupitia upenyo ule. Sensa inaionja hewa hiyo, kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika. Ni sawa na mwalimu anayesahihisha daftari kwa karatasi ya majibu iliyokosewa. Hata ukimbadilisha mwalimu, karatasi ni ile ile.

P0420 ndiyo inayonikera zaidi. Katika gari lenye sensa mbili, ya nyuma huangalia kama masega yanafanya kazi. Masega yakikatwa, sensa ya nyuma inaona moshi ule ule ulioonwa na ya mbele, na inasema kweli. Fundi anayekuuzia sensa kwa sababu ya P0420, hali masega ameyakata mwenyewe, anakuuzia nini?

Zipo namba za kipasha joto cha ndani ya sensa, P0135 kwa ya mbele na P0141 kwa ya nyuma. Hapo kwanza itazamwe fyuzi, kisha waya. Hedasi mara nyingi huihamisha sensa mahali pake, waya zikavutwa, zikaungwa kwa kusokotwa, halafu zikagusa bomba la moto na kuyeyuka. Tena sensa ikisogezwa mbali na injini huchelewa kupata joto, nayo huandikwa mvivu, P0133.

Upenyo hautafutwi kwa fedha nyingi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, iwashwe, mtu asikilize kwenye maungio. Ule mlio wa tiki-tiki unaopotea chuma kikishika moto ndio wenyewe. Au injini ikiwa imezimwa na imepoa, upulizwe upepo wa kompresa taratibu kwenye ekzosi na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio, mapovu yatasema. Namba ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kuchomoa betri, kwa kuwa kuchomoa betri hufuta maandishi, ugonjwa unabaki.

Mafundi watasema mwalimu huyu angoje chaki yake. Sawa. Ila huku kwetu mvua na baridi hatujambo, watu husafiri vioo vimefungwa. Upenyo ulio karibu na injini unaweza kuingiza ndani ya gari kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Gari ambalo taa yake imezibwa utepe ndilo linalowabeba wagonjwa wetu usiku, na hitilafu nyingine ikitokea dereva hana wa kumwambia.

Naomba basi vyuo vya VETA viwafundishe hata mafundi walioko mitaani, wasiopata nafasi ya kukaa darasani mwaka mzima, kusoma namba hizi kabla ya kushika spana. Polisi wa usalama barabarani nao, wanapokagua magari, watazame kama taa hiyo inawaka ufunguo unapowashwa na kuzimika injini inapokamata. Isiyowaka kabisa imezibwa au imechomolewa.

Shemeji amerudisha manifodi ya zamani na gasketi mpya, na ulaji wa petroli umepungua. Namba iliyobaki ni P0420. Masega yake hakurudishiwa, aliambiwa ni takataka na yalishatupwa. Ndani ya masega huwa na madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Ningependa mafundi watuandikie katika ukurasa huu huu, watueleze takataka hizo hutupwa wapi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kiwira, Rungwe.