Bajeti Ianze na Miezi Iliyopita, Si na Makisio

Mshahara umeingia. Umelipa nyumba, umetuma nyumbani, umenunua tokeni za stima. Tarehe 15 unaangalia salio na kujiuliza: kwani pesa zimeenda wapi? Kwa wengi wetu jibu liko kwa simu, ila hatulisomi.

Ndiyo maana tunasema: ukipakua programu ya bajeti, usianze kwa kukisia matumizi. Omba taarifa ya miamala ya miezi 3 iliyopita, kisha uiingize. Tukikisia, huwa tunajihurumia. Taarifa haina huruma. Itakuonyesha zile mia mia za kila jioni, pamoja na ada za kutuma na kutoa. Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo na baadhi ya ada hizo ni zetu. Bado tungependa uzijue.

Lakini taarifa isiyosafishwa inaweza kukudanganya. Tuseme mshahara wako ni 30,000, ukakopa 5,000 kwa simu na kutoa 3,000 kwa akiba yako. Programu inaona 38,000 zimeingia, na huenda ikakupangia maisha ya mtu wa 38,000. Mwezi ujao utakopa tena kuziba pengo, na deni la kwanza bado lakungoja.

Kwa hivyo, mkopo usiuhesabu kama mapato. Pesa uliyohamishia akiba si matumizi. Nayo 2,000 uliyotoa kwa ajenti, andika ilikoenda: mama mboga, fare au mchango. Kama umeingiza PDF na programu pia inasoma SMS, muamala mmoja unaweza kuhesabiwa mara mbili. Linganisha namba za risiti, ufute iliyojirudia.

Na kabla ya haya yote, angalia unampa nani taarifa yako. Ina majina ya watu uliowatumia pesa, si yako pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumika vipi. Programu ikikuomba PIN ili ikusomee miamala, ifute hapo hapo.

Miezi 3 ikionekana mingi, anza na mmoja, leo kabla hujalala. Huenda usifurahie utakachoona, lakini mwezi ukifika kona hutauliza tena pesa zilienda wapi.