Flagi Moja Ilichoma Miche ya Mjomba

Wasee, hii tabia ya kubandika `-Ofast` juu ya mradi mzima ndio programu ikimbie, tuiache. Mimi nimeilipia.

Nilikuwa nimemwandikia mjomba programu ya grinihausi yake ya nyanya. Moduli tatu: moja inasoma joto, moja inapiga hesabu na kuwasha feni, moja inachambua picha za kamera. Ya picha ilikuwa inajikokota. Nikaweka `-Ofast`, lakini pale juu kabisa kwa CMake, kwa hivyo zote tatu zikaipata. Picha zikakimbia, nikajipiga kifua.

Siku moja waya wa sensa ukakatika. Ikaanza kurudisha NaN, yaani "hii si namba". Nilikuwa nimeweka `isnan` ya kushika hiyo shida na kuwasha feni. Sasa, `-Ofast` huja na `-ffast-math`, na hiyo huiambia GCC kwamba NaN haitawahi kutokea. Kompaila ikaniamini, ikafuta ukaguzi wangu wote. Feni haikuwaka, miche ikaungua. Mjomba hakunigombeza, alininyamazia tu. Hiyo inauma zaidi.

Na majaribio yangu yalikuwa yamepita yote! Niliyafanya kwa `-O0`.

Mtasema kosa ni langu, si la flagi. Sawa. Lakini hata laibrari ya mtu mwingine inaweza kukuletea hii balaa. Kabla ya GCC 13, iliyotoka 2023, faili ya `.so` iliyounganishwa kwa `-Ofast` kwenye Linux ya x86 ingeweza, ikipakiwa tu, kufanya prosesa igeuze namba ndogo sana kuwa sifuri, hata kwa hesabu zisizo zake.

Msimamo wangu ni huu. Wote wapate `-O2`. Pima kwanza ujue moduli gani inachelewesha, halafu hiyo pekee uiongezee flagi kwa `target_compile_options`, na uandike PRIVATE. Ukiandika PUBLIC, kila moduli inayoiunganisha inairithi. Fast-math ibaki mahali ambapo jibu likikosea kidogo hakuna anayeumia. Na majaribio yafanywe kwa flagi zile zile utakazompelekea mtu.

Kasi ni tamu, lakini kasi ya nani, na nani atalipa ikikosea?

Mjomba amepanda miche mingine. Hii inalindwa na `-O2`.