Jarida la Muziki kwa Vijana: Sura ya Mwimbaji au Wimbo Wenyewe?

Kila inapotajwa habari ya kuwachapishia vijana wetu jarida la muziki, hutokea watu wenye hekima ya sokoni wakatuambia hivi: kijana wa miaka 15 hasomi, yeye hutazama, basi mpeni picha. Mpeni jalada lenye sura ya mwimbaji, vichwa vya habari vyenye herufi kubwa kama matofali, porojo za nani kaachana na nani, na maneno machache kadiri iwezekanavyo. Watu hao hujiita mabingwa wa kupanga kurasa, na wengi wetu tumewaamini. Makala haya yanakusudia kuwapinga.

Tuanze kwa kukubali lililo kweli. Rangi na picha si maovu. Jalada ni mlango, na mlango mzuri ni heshima kwa mgeni. Lakini mgeni hakualikwa aje kutazama mlango. Akiisha kuufungua na kuingia ndani, atakuta nini? Hilo ndilo swali ambalo mabingwa wetu hawaliulizi kamwe.

Hupenda kututajia mifano ya Ulaya. Vema, na tuitazame. Katika Ujerumani Magharibi lilianzishwa mwaka 1956 jarida la vijana liitwalo Bravo. Mwaka 1959 lilianza kutoa picha ya mtu mashuhuri ikiwa imekatwa vipande vipande, wa kwanza akiwa Brigitte Bardot, mcheza filamu wa Kifaransa. Toleo hili lilikuwa na kipande kimoja, toleo lijalo kipande kingine, mpaka msomaji mwenye subira aliunganisha umbo zima lenye kimo cha mtu na kulibandika ukutani. Huo ni ufundi mkubwa wa kuuza karatasi. Lakini baada ya kununua matoleo yote hayo, kijana alipata nini masikioni mwake au vidoleni mwake? Alipata ukuta uliojaa.

Sasa tuvuke twende Uingereza. Mwaka 1978 Nick Logan, aliyekuwa amekwisha kuwa mhariri wa gazeti la muziki la New Musical Express, alianzisha jarida la Smash Hits. Nalo lilijaa picha na rangi za kung'aa. Hata hivyo, nguzo yake ilikuwa kuchapisha maneno ya nyimbo zilizovuma, ubeti kwa ubeti. Vijana wale wale wasemwao kuwa hawasomi waliyasoma, wakayakariri, wakayaimba. Na katika miaka ya 1980 jarida hilo liliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Wenye kuiga huiga rangi zake, wakayaacha maneno!

Upo mfano wa tatu, maskini kuliko yote. Mwaka 1976 na 1977 vijana wa Kiingereza wapendao muziki wa panki walijitolea vijarida vyao wenyewe, vilivyopigwa taipu na kutolewa nakala kwa mashine. Sniffin' Glue kilianzishwa mwaka 1976 na Mark Perry, karani wa benki. Kingine, Sideburns, kilichora mahali pa kubana nyuzi za gitaa ili kupata milio mitatu tu, kisha kikamwambia msomaji akaunde bendi. Bingwa wa soko angeutupa ukurasa ule jalalani. Lakini ungali unakumbukwa mpaka leo, kwa kuwa ulimhesabu kijana kuwa mpigaji.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliuweka utamaduni na vijana chini ya paa moja. Maana yake ni dhahiri: utamaduni usiopokewa na vijana hufa pamoja na wazee. Na muziki haupokewi kwa macho. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba nyimbo zake katika santuri, hakusifika kwa picha. Alisifika kwa sauti na maneno, hata Shaaban Robert akaona inafaa kumwandikia wasifu. Je, jarida la vijana litashindwa kumpa kurasa mbili?

Wako watakaosema kwamba simu imekwisha kuliua jarida. Smash Hits lenyewe lilifungwa mwaka 2006. Jibu letu ni kwamba simu imeliua jarida la sura. Kijana mwenye simu hupata picha elfu bila senti ya karatasi, kwa hiyo anayempelekea picha tupu anampelekea maji mvuvi. Ambacho kijana hakipati kwa urahisi ni maneno ya wimbo yaliyohakikiwa na kuandikwa kwa Kiswahili sanifu au kwa lugha ya mtunzi bila kuharibiwa, pamoja na jina la aliyetunga.

Basi kurasa zipangwe hivi. Kwanza, ukurasa wa katikati, ule uvutao mkono kuliko zote, upewe wimbo mmoja mzima, kwa herufi kubwa na nafasi ya kutosha pembeni ili msomaji aandike vina na mizani alivyovigundua. Maneno hayo yachapwe kwa idhini ya mtunzi na kwa malipo, kama Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavyotaka. Wimbo usio na jina la mtunzi huwa mali ya mwizi wa kwanza. Pili, kila toleo lifundishe chombo kimoja kwa mchoro. Lichore ilimba ya Wagogo, aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose, na kuonyesha vyuma vyake na mahali pa vidole gumba. Lichore magitaa ya muziki wa dansi na kueleza jinsi la solo, la rithimu na la besi yanavyojibizana, ili anayemsikiliza Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, ajue anachokisikia. Tatu, wasanii wa kizazi kipya wasitengwe. Waulizwe namna wanavyotunga, wala wasiulizwe bei ya magari yao. Nne, ukurasa wa mwisho uwe wa wasomaji, na tungo zao zihaririwe kwa ukali na upendo.

Walimu wasingoje mtaji wa mchapishaji. Shule yenye karatasi, kalamu za rangi na ubao wa matangazo inaweza kutoa toleo la kwanza muhula huu, likabandikwa nje ya darasa. Nanyi wanafunzi, mkiletewa jarida, lipimeni kwa kipimo hiki: mkiisha kulifunga, je, mnaweza kuimba, kupiga au kutunga kitu ambacho jana hamkukiweza? Kama hamwezi, mmeuziwa mlango usio na nyumba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; na kinachojitembeza kwa sura peke yake hakistahili fedha ya kijana wala wino wa taifa.