Usimfungie mwanao mlango

Wiki hii mama mmoja Mkatoliki aliniuliza: "Mwanangu anapenda wanaume wenzake. Nisipomfukuza nyumbani, si namkosea Mungu?"

Mama, Kanisa lako linafundisha kuwa tendo hilo ni dhambi. Lakini Katekisimu yake, namba 2358, inataka watu hao wapokewe kwa heshima na huruma. Januari 2022, Papa Fransisko aliwaambia wazazi wa watoto kama wako wawe nao karibu, wasijifiche nyuma ya lawama.

Na kiafya, kijana aliyefukuzwa hukosa pa kulala, na huweza kuogopa hata kwenda kupima VVU. Akizidiwa, utaitwa wewe.

Unaweza kushika imani yako na mlango ukabaki wazi. Leo usiku, mwekee chakula chake.