Klasta Usiijenge kwa Mkono Mara Mbili

Wasee, kuna mafundi wanasema ukitumia Ansible kuunda klasta ya Kubernetes, yaani seva kadhaa zinazoendesha kontena kama mashine moja, wewe ni mvivu. Eti fundi wa kweli huchapa kila amri mwenyewe. Mimi nakataa.

Mwaka jana nilijengea mteja klasta ya seva tatu kwa mkono, usiku kucha. Ikasimama, nikalipwa, nikaringa. Miezi miwili baadaye seva moja ikafa. Kuweka nyingine, nikakwama. Niliweka toleo gani la containerd? Swapu niliizima wapi? Na ile tokeni ya kuunganisha seva mpya, kumbe kubeadm huipa saa 24 tu. Sikuwa nimeandika kitu. Mteja akahama, na rent ya mwezi huo nikakopa.

Siku hizi kila hatua iko kwenye faili. Seva ikifa, naongeza mpya kwenye orodha, naendesha Ansible, naenda kutafuta smokie. Seva zilizo sawa haziguswi, inarekebishwa ile yenye kasoro tu.

Lakini tusidanganyane. Ukikopi faili za wenyewe bila kujua zinafanya nini, siku zikigoma utalia. Jenga kwa mkono mara moja, uumie, uelewe. Mara ya pili, andika faili.

Mimi chuo niliacha, digrii ya kuonyesha mteja sina. Nina hizo faili. Wewe ukiugua leo, nani anajua seva zako zilijengwa vipi?