Kuirudia Salamu ya Malaika

Wapo wanaosema kwamba Rozari Takatifu inachosha, kwa kuwa maneno ni yaleyale. Nawajibu kwa mfano wa Fra Angelico, mtawa Mdominikani na mchoraji wa karne ya 15, aliyetangazwa Mwenyeheri na Papa Yohane Paulo II mwaka 1982.

Yeye alichora mara kadhaa Bikira Maria akipashwa habari. Katika picha zilizopo Cortona na Madrid, dhahabu inang'aa, na kwa mbali Adamu na Eva wanafukuzwa bustanini. Lakini katika chumba kimoja cha watawa wa San Marco, Firenze, hayo yote hayamo: kuta tupu, malaika amesimama, Maria amepiga magoti, na mtakatifu mmoja pembeni akisali. Palepale San Marco, juu ya ngazi, liko tukio hilohilo tena, na maandishi chini yake yanamwonya apitaye asinyamaze bila kumsalimu Mama.

Basi, kurudia si umaskini wa mawazo. Arudiaye fumbo kwa upendo huvuliwa mapambo kidogo kidogo, hata abaki na Neno la Mungu na jibu lake mwenyewe. Jibu hilo ndilo tunaloogopa, nasi twasingizia uchovu.

Tumsifu Yesu Kristo!