Hewa Bora: Ushahidi wa mageuko ya viumbe umo ndani ya damu ya watoto

Katika mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, mtoto wa sekondari anaporudi nyumbani na somo la mageuko ya viumbe, mara nyingi anapata jibu moja: andika hivyo kwenye mtihani upate pointi, lakini usiamini. Katika baadhi ya makanisa ya uamsho wanasema zaidi ya hapo. Kwamba ni hadithi ya Wazungu, kwamba hakuna mtu aliyeona kwa macho yake, kwamba sokwe hajazaa mtu hata siku moja. Yangekuwa mabishano ya jioni tu, watu wanacheka na kwenda kulala, kama yasingegusa uhai wa watoto. Lakini yanaugusa.

Tuchukue ugonjwa wa SS, ule ambao waganga wanauita drepanositozi. Wakaaji wa Lubumbashi wanaujua: mtoto mwenye macho ya manjano, mikono na miguu inavimba, anapiga kelele za maumivu usiku, anaongezewa damu leo na tena mwezi ujao. Mzazi mwenye AS haonyeshi alama yoyote, anafanya kazi, anacheza mpira. Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Katika Kongo, karibu mtu mmoja kati ya wanne au watano ni AS. Ni watu wengi mno.

Hapo ndipo swali linapozaliwa, na wanaokataa mageuko ya viumbe hawajalijibu bado. Kama damu ya SS inaua watoto wengi kabla ya kufikisha miaka 5, kabla hawajazaa, kwa nini haikuisha zamani? Kitu kinachoua namna hiyo kizazi baada ya kizazi kilipaswa kupungua mpaka kipotee.

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu ya watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Pwani na kando ya ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, alikuta watu zaidi ya 20 kwa mia wana alama hiyo ya damu. Milimani kwenye baridi, ambako malaria ni kidogo, alikuta karibu hakuna. Alirudi kufanya uchunguzi zaidi, na mwaka 1954 akatangaza: mtoto AS anakingwa na malaria kali. Basi kwenye nchi ya mbu, mtoto AA anaweza kuuawa na malaria, mtoto SS anauawa na damu yake, na mtoto AS anabaki hai, anakua, anazaa, anarithisha. Hesabu hiyo imerudiwa kwa maelfu ya miaka. Hayo ndiyo mageuko ya viumbe. Hayakuhitaji sokwe yeyote kuzaa mtu. Yalihitaji mbu, homa, na makaburi madogo mengi.

Sasa mtu akiambiwa kwamba habari hii yote ni uongo wa Wazungu, anabaki na nini mkononi mtoto wake anapougua? Anabaki na ulozi. Bibi mzaa baba anatazamwa vibaya, mama anaambiwa ana laana ya ukoo, na mara nyingine mtoto mwenyewe anaitwa mlozi, anafungishwa kula na kunywa, wakati mtoto SS anahitaji kunywa maji kila saa. Familia inauza kiti na redio kulipia maombi. Kipimo cha damu kingeonyesha kwamba hakuna aliyeroga: baba ametoa nusu, mama ametoa nusu, na wote wawili walizipokea kutoka kwa wazee waliookoka malaria.

Wasemao kwamba hakuna aliyeona kiumbe kikibadilika, wamesahau klorokwini. Wazazi wa leo walikua nayo. Dawa chungu, rahisi, iliyokuwa inaondoa homa kwa siku chache. Mwaka 2001 Kongo iliiacha rasmi, ikachukua Fansidar, na mwaka 2005 ikahamia kwenye mchanganyiko wa artesunati na amodiakwini. Klorokwini haikuharibika kwenye boksi. Vijidudu vya malaria ndivyo vilivyobadilika. Dawa iliua vile dhaifu; vichache vilivyokuwa na badiliko dogo katika urithi wao vilipona, vikazaana, vikajaa bara zima. Malawi waliiacha klorokwini mwaka 1993, na polepole vijidudu vya aina ya zamani vikarudi kuwa vingi, kwa kuwa hakukuwa tena na dawa ya kuvichuja. Ilipojaribiwa upya huko, na majibu kutolewa mwaka 2006, iliponya karibu wagonjwa wote. (Hii si ruhusa ya kwenda kununua klorokwini sokoni.)

Habari hii inagusa sana familia zilizokimbia vita, zile za Mitwaba, za Pweto na za mbali zaidi, zinazoishi watu kumi kwenye chumba kimoja. Huko dozi moja ya malaria hugawanywa kwa watoto wawili. Si ujinga, ni umaskini. Lakini kijidudu hakijui umaskini: nusu ya dozi inaacha vile vyenye nguvu. Tayari Rwanda na Uganda, majirani wa Kongo, wamegundua malaria inayoanza kuvumilia artemisinini. Mama anayeelewa mageuko ya viumbe ataenda kituo cha afya kuomba dozi ya pili. Aliyeambiwa kwamba viumbe havibadiliki atauliza: kwa nini?

Na kwa wale wanaotaka ushahidi unaoshikika, Katanga yenyewe ni shule. Juu ya vilima vya shaba kuna ua ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Udongo wa pale ni sumu kwa mimea mingi. Lenyewe linastawi, hata mahali wazee walipoyeyusha shaba zamani, mpaka wachunguzi wa mambo ya kale wakalifuata ili kupata tanuru hizo. Zaidi ya aina thelathini za mimea hazipatikani popote duniani isipokuwa kwenye vilima hivi. Kila mwaka makampuni na wakrezeri wanachimba vilima hivyo, na mimea mingine inapotea kabla mwanafunzi wa Lubumbashi hajaiona.

Kuhusu sokwe: sayansi haisemi mtu alizaliwa naye. Inasema wana babu mmoja wa zamani sana, kama binamu. Bonobo, mmoja wa binamu wa karibu kabisa, anaishi porini katika nchi moja tu duniani, na nchi hiyo ni Kongo. Namna uhai wenyewe ulivyoanza ni swali jingine, ambalo wataalamu bado wanalichunguza, na kulichanganya na hili ni kukwepa. Wakristo wenye hofu wakumbuke pia kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana.

Kuna makanisa mjini ambayo huomba karatasi ya kipimo cha SIDA kabla ya kubariki ndoa, na hakuna anayesema hiyo inapingana na Biblia. Waongeze karatasi ya pili, ya elektroforezi, na waiombe kabla ya mahari kutolewa, si wakati nguo ya arusi imekwisha kushonwa.